Ukiumwa Melini, Sema Saa Hiyo Hiyo

Kijana mmoja wa Likoni ameniandikia wiki hii. Amepata mkataba wake wa kwanza, mhudumu wa bafe kwenye meli ya kitalii, na mwezi ujao anakwenda Miami kuipanda. Hongera zake. Akaniuliza: "Kaka, nasikia meli nzima huweza kuharisha. Nikishikwa na mimi, nikisema si watanirudisha nyumbani?"

Najua wengi mnaonisoma mnaitafuta kazi hii hii, kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote. Sema. Usingoje zamu iishe.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni norovirusi. Chembe chache mno zinatosha kukuangusha. Baada ya saa 12 hadi 48 unaanza kutapika na kuharisha, na kwa walio wengi huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Lakini abiria wengi wa meli hizi ni wazee, na mzee akikaukiwa maji mwilini hali yake hubadilika haraka.

Meli zinazotoka ng'ambo kuingia Marekani hupeleka idadi ya walioharisha kwa CDC, kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti magonjwa, saa 24 hadi 36 kabla ya kufika bandarini, hata kama hakuna mgonjwa. Wakifika asilimia 2 ya abiria au ya wafanyakazi, ripoti nyingine maalumu inakwenda. Wakifika asilimia 3, jina la meli linatangazwa hadharani. Kwa meli ya abiria 3,000 hao ni watu 90 tu. Ndiyo maana kampuni nyingi zina ngazi zao za tahadhari: kijani, njano, nyekundu. Na ndiyo maana wakubwa hukasirika mapema.

Mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba, tukizunguka visiwa vya Karibi. Tulikuwa kwenye njano. Asubuhi moja natandika kitanda, tumbo likanikata. Niliiacha shuka nusu, nikatoka, nikapiga simu zahanati ya meli. Msimamizi wangu alipopata habari alinijia juu mbele ya wenzangu, akaniita mlegevu. Nikafungiwa kabini, mwenzangu wa kabini akahamishwa, chakula kikawa kinaachwa mlangoni. Bakshishi za safari ile zikaenda kwa aliyepewa vyumba vyangu.

Kumbe wawili wa upande wa mgahawa walikuwa wanaharisha kabla yangu. Walimeza vidonge vya kufunga tumbo wakaendelea kubeba sahani za watu. Mmoja wao alikuja kuniambia mwenyewe baadaye.

Nilipotoka kabini nilikuta meli iko nyekundu. Abiria hawaruhusiwi kujipakulia, sisi ndio tunapakua. Vikopo vya chumvi na pilipili vimeondolewa mezani. Hakuna kupeana mikono, hata nahodha. Vitasa, vyuma vya ngazi, vitufe vya lifti, vyote tukivisugua kwa dawa ya klorini, tunamaliza na kuanza tena, wengine wakilala saa chache na kuamshwa. Na nataka hili lijulikane: katika vyumba nilivyokuwa nikivihudumia hakuugua abiria hata mmoja. Hakuna aliyenipa ahsante wala pole. Neno lile la msimamizi bado linaniuma, na silisemi kwa kulilia bakshishi.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Kuficha ugonjwa huku unapakua chakula cha mwenzako ni dhuluma, hata kama una karo za wadogo zako za kulipa. Unamlisha mtu maradhi naye anakuambia ahsante. Usiniambie kila mtu hufanya hivyo. Wewe usifanye. Ukihisi tumbo linageuka, weka sahani chini, sema. Ukitapika mara moja, sema. Na ukipona usikimbilie jikoni: anayegusa chakula hukaa nje ya kazi angalau saa 48 baada ya dalili kuisha.

Mikono nawa kwa sabuni na maji, sekunde 20. Ile sanitaiza ya mlangoni haiwezi vizuri norovirusi, hata ukijipaka kila dakika. Sabuni na maji.

Kuhusu kurudishwa nyumbani: upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, na Kenya iliuridhia 2014. Unasema baharia anayeugua alipwe mshahara wake kamili muda wote akiwa bado melini, na matibabu ni juu ya mwenye meli. Bakshishi hazimo humo, hizo zihesabu zimepotea. Lakini mshahara ni haki yako, na kuumwa tumbo siku mbili si kosa la kukufukuzisha kazi. Vijana wengi hutia sahihi bila kuijua sehemu hii, kisha wanaogopa kivuli.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Likoni, kabla hujaenda, kaa na wakala wako akuonyeshe kwenye mkataba kifungu cha ugonjwa: mshahara, matibabu, na nauli ya kurudi ukizidiwa. Kisome mwenyewe. Asipoweza kukuonyesha, kalamu ibaki mfukoni mpaka akipate.