Kloridi ya alumini: kwa nini mmenyuko wako hauendi

Umeuliza kwa nini benzini na asetili kloridi hazikukupa ketoni (kiwanja chenye kundi la C=O kati ya kaboni mbili), ingawa uliweka kloridi ya alumini (AlCl₃) asilimia 10 tu ya moli "kwa kuwa ni kichocheo". Tatizo liko hapohapo. Ketoni inayozaliwa inaing'ang'ania AlCl₃ na haiiachii, kwa hiyo kila moli ya asetili kloridi inahitaji moli 1.1 hivi ya AlCl₃. Ukitumia anihidridi (asidi mbili zilizounganishwa kwa kutoa maji) badala ya asetili kloridi, weka zaidi ya moli 2 za AlCl₃ kwa kila moli yake. Kiasi kidogo hutosha pale unapounganisha alkili (kundi la kaboni na hidrojeni tu), mfano benzini na ethilini kupata ethilibenzini, malighafi ya plastiki ya polistirini. Viwanda vimeitumia njia hiyo kwa miongo mingi, ingawa vingi sasa vimehamia zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo yanayotumika kama kichocheo) kwa sababu ya kutu na maji machafu yenye asidi.

Pia kagua chupa. Lazima iwe AlCl₃ isiyo na maji. Ile yenye molekuli 6 za maji haifai kabisa, na usijaribu kuikausha kwa moto: itatoa gesi ya HCl (kloridi ya hidrojeni) na kukuachia oksidi ya alumini. Unga uliovuta unyevu huganda mabonge. Rangi ya manjano kidogo mara nyingi ni chuma tu.

Fungua chupa taratibu ndani ya kabati la kuvuta hewa, maana huwa na shinikizo la HCl. Mwishoni mimina mchanganyiko kidogokidogo juu ya barafu yenye asidi hidrokloriki. Kamwe usimwagie maji juu yake!