Mji Mkongwe bila kubanana: maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Habari za kazi. Tunatokea Dar na watoto, tunataka kuja Unguja wikiendi. Mara ya mwisho tulipanda boti ya kwanza, tukaenda moja kwa moja Soko la Watumwa pale Mkunazini, tukakuta watu wamejaa mpaka kwenye ngazi za vile vyumba vya chini. Watoto hawakuona kitu zaidi ya migongo ya watu. Tufanyeje safari hii? – Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Pole mama, ila boti ya kwanza ndo iliyowaponza. Watalii wengi wa Unguja hawalali mjini, wanalala huko Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani, wanakunywa chai ya hoteli taratibu mpaka saa 2 au saa 3 ndo wanapandishwa kwenye mahiace kuja town, na toka Nungwi tu ni kama kilomita 60 na njiani kuna matuta na ng'ombe, kwa hiyo wanamwagika mjini wote kwa pamoja mida ya saa 4. Na wote wanapitishwa njia moja, Mkunazini, Darajani, vichochoro, Ngome Kongwe, chakula cha mchana, halafu saa 9 gari zinaanza kuwarudisha ufukweni. Sasa nyie mmetoka Dar saa 1 asubuhi, boti inatumia kama masaa mawili, mshuke, mtafute mizigo, mjibishane na mapapasi, wale vijana wanaovizia wageni bandarini, mnywe chai, mkisema sasa twende tukaone, mnakutana nao mlangoni.

Na vile vyumba havina nafasi ya kugombea. Dari iko chini mtu mzima anainama, hewa inaingia kwa vitundu vya ukutani, katikati kuna njia ya kusimama na pembeni ni yale majukwaa ya saruji, akisimama mwongoza watalii mmoja na watu wake kumi anaeleza basi chumba kimekwisha, wa nyuma yao wanasubiri kwenye ngazi. Kwa hiyo ama uwe pale wanapofungua tu asubuhi, ama uje baada ya saa 9 na nusu mchana wakati magari yameshaondoka. Mimi napenda mchana. Watoto wanaweza kukaa mle chini wakauliza maswali yao yote bila mtu kuwasukuma, na maswali watakuwa nayo.

Zile sanamu za watumwa zilizosimama shimoni nje, zenye minyororo shingoni, hazina shida ya muda, uwanja ni wazi, hata kukiwa na watu utaona. Kanisa lililojengwa hapo hapo palipokuwa soko lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipolifunga soko, ukiingia uliza wakuonyeshe pale kwenye altare, wenyewe wanasema ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Jumapili asubuhi usiweke kabisa, kuna ibada, watu wanasali.

Ushauri wangu pandeni boti ya Ijumaa mchana, mlale mjini, Jumamosi alfajiri mji wote ni wenu. Vitambulisho msisahau, na tiketi ya kurudi Jumapili jioni kateni mapema maana hapo ndo kila mtu wa Dar anakumbuka kuwa kesho kuna kazi.

SWALI: Mambo vipi. Forodhani usiku ni vurugu tupu, foleni ya urojo, moshi, huna pa kukaa, paka nao. Kuna siku yenye nafuu? – Msela wa Magomeni

JIBU: Paka siwezi kukusaidia. Siku yenye nafuu ni Jumatatu mpaka Jumatano, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili wenyeji wenyewe wanatoka na familia zao na hapo mgeni na mwenyeji wote wanagombania ukuta mmoja. Sikukuu za Idi ndo usiseme, watoto wamevaa nguo mpya, wana hela za sikukuu mkononi, hakuna pa kukanyaga.

Ila saa ina uzito kuliko siku. Watu wengi wanakuja magharibi kuangalia jua linazama, halafu njaa inawashika wote kwa wakati mmoja. Wewe nenda saa 11 jioni wakati wauzaji ndo wanapanga meza, kaa ukutani upande wa bahari, hapo ndo vijana wanaanza kuchupa. Anarudi nyuma hatua kadhaa, anakimbia pekupeku, anajikunja hewani, mwenzake anamfuata kabla hata maji hayajatulia, na ukifika mapema unawaona kwa karibu badala ya kuinua simu juu ya vichwa vya watu. Jua likishazama na kundi likivamia meza wewe nenda katembee Shangani, rudi baada ya isha, saa 3 hivi, foleni imepungua. Samaki wa kuchoma uliza kwanza katoka lini majini, maana aliyepangwa mezani toka jioni na kupashwa moto tena na tena saa 3 usiku si yule wa saa 12. Urojo kwangu mie nauona mtamu zaidi mitaani kuliko pale, lakini hilo tusigombane.

Mwezi wa Ramadhani mambo yanageuka. Mchana sehemu nyingi za kula zimefungwa na usile barabarani, lakini vichochoro vinakuwa vitupu ajabu, na baada ya futari na tarawehe mji unachangamka mpaka usiku mkubwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Muscat, nataka kuwaleta wanangu mwezi wa 12 waone alikotoka bibi yao. Nataka tuende Beit al Ajaib, Changuu na ule mchanga wa Nakupenda. Nasikia kunajaa. – Baba Said

JIBU: Waalaykum salaam. Mwezi wa 12 mwishoni kunajaa kweli na bei zinapanda, ukiweza sogeza mpaka mwisho wa Januari, jua lipo na watu wamepungua, ila ukivuka kuingia Februari angalia kwanza tarehe za tamasha la muziki la Sauti za Busara, wiki ile Ngome Kongwe na vyumba vya mjini vinashikwa mapema. Masika ya Aprili na Mei ndo kutupu kabisa lakini mvua ya Unguja haina adabu, na hoteli nyingine zinafunga.

Beit al Ajaib, jumba la Barghash la 1883, sehemu yake ya mbele ilianguka Desemba 2020, kwa hiyo usiwaahidi watoto kuingia mpaka uulize mtu aliye mjini wiki hiyo.

Changuu nendeni asubuhi na mapema, boti ni kama nusu saa tu, makobe wale wakubwa, wazee wao waliletwa toka Ushelisheli 1919, asubuhi bado wanatembea na kula, jua likiwa kali wanajificha kivulini na wewe unapiga picha ya magamba. Nakupenda ni jambo jingine, pale saa yako haina maana, ni saa ya maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana mida ya saa 4 au saa 5 asubuhi, mchanga unatokeza mkubwa, kila nahodha anapeleka watu wakati huo huo na jioni maji yanaufunika. Siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, mchanga ni mdogo ila na watu wachache. Mimi ningechagua siku ya pili au ya tatu baada ya bamvua, kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo mchanga bado mkubwa na unakaa wazi mpaka mchana wakati wenye ratiba ya mahoteli wameshapelekwa kula. Usikubali saa ya kuondoka kabla hujamuuliza nahodha maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo, na akisema wakati wowote tu, tafuta mwingine.