Inastahili kwa nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeliweka hivi: "Je, raha ya kuendesha pikipiki barabarani inastahili hatari yake?" Mimi ni fundi pikipiki hapa Igoma, Mwanza, na nina pikipiki yangu mwenyewe ambayo haibebi abiria wa kulipa. Nawajibu kwamba inastahili, mradi uko peke yako juu ya siti. Akishapanda mtu wa pili nyuma yako mambo yanabadilika yote, na hapo nasema haistahili hata kidogo.

Nianze na raha, maana watu wazima wengi huizungumzia kama ni ugonjwa wa vijana. Toka mjini asubuhi na mapema kwa barabara ya Kenyatta, pita Mkuyuni na Butimba kabla daladala hazijajaa, acha Nyegezi, Mkolani na Buhongwa nyuma, halafu ukifika Usagara kata kulia kuelekea Kigongo. Kuanzia hapo ndipo pikipiki inapoanza kukulipa. Unashuka bondeni na baridi inakupiga kifuani ghafla, unapanda tena joto linarudi, kama kuna mtu anafungua na kufunga mlango wa friji. Unasikia harufu ya moshi wa mkaa, ya ng'ombe, kisha ya ziwa kabla hujaliona. Kona ikija, huzungushi usukani kama wa gari. Unasukuma kidogo mkono wa upande unaokwenda, pikipiki inalala yenyewe, unaifuata kwa kiuno, na unapotoka unaongeza mafuta inasimama wima. Ukiipatia, mwili wote unajua.

Halafu daraja. Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3, na kabla yake tulikuwa tunasubiri kivuko pale juani hadi uvivu unakuingia. Juu ya daraja upepo wa ziwani unakuja ubavuni, na pikipiki nyepesi unaihisi inasogea chini yako. Mgeni hukaza mikono, na ndiyo kosa. Unalegeza, unaiacha icheze kidogo, unapita. Yote hayo nayafanya kwa mwendo wa 60, ikizidi sana 70. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu wanaotetea raha ya pikipiki huitetea wakifikiria sindano imegusa 100, na wanaoipinga nao hufikiria hiyohiyo.

Sasa niwaingize gereji.

Pikipiki iliyoanguka huwa inajieleza yenyewe. Shokapu za mbele zikiwa zimerudi nyuma na rimu imekunjika, imegonga kitu uso kwa uso, na mara nyingi kitu hicho ni gari lililokata mbele yake. Ikiwa imekwaruzika ubavu mmoja na mpini wa klachi umesagika, imeteleza. Lakini kabla sijaangalia palipovunjika, mimi hukamata breki ya mbele. Mara nyingi mno nakuta waya umelegezwa hadi mpini unagusa usukani bila breki kushika chochote, au umetolewa kabisa. Nikimuuliza mwenyewe, jibu ni lilelile: "Fundi, ile inapindua." Nani alimwambia? Rafiki yake, siku aliyomfundisha kuendesha kiwanjani.

Mambo yako kinyume chake. Ukishika breki, uzito unahamia mbele. Tairi la nyuma linakuwa jepesi na la mbele ndilo linakandamizwa kwenye lami, kwa hiyo nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Ukikanyaga ya nyuma peke yake kwa hofu, tairi linagoma kuzunguka, linaburuzika, pikipiki inakwenda ubavu. Ni kweli breki ya mbele inaangusha ikinyakuliwa kwa pupa, au ikishikwa kwenye kokoto huku usukani umekatwa. Ikiminywa taratibu halafu ikaongezwa, kwenye lami kavu, inasimamisha. Mtu mwenye akili timamu anajifunza hilo kwa mchana mmoja, lakini wapo walioendesha miaka na hawajawahi kuigusa.

Saitimira, vile vioo vya pembeni, nazo zinafunguliwa, eti zinazuia kupenya kati ya magari. Mtu anahama upande wa barabara kwa kusikiliza tu nyuma kuna nini. Ndugu wa majeruhi wakija kuichukua pikipiki, huniambia "ajali haina kinga", na mimi hunyamaza kwa heshima. Ila nikiwa nimeshika ule waya uliolegezwa, najua kinga ilikuwepo, na kwamba ilifunguliwa kwa spana namba kumi.

Hata hivyo sitawabebesha waendeshaji mzigo wote. Utafiti ambao watu wa pikipiki bado wanaurejea ni ule wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa mwaka 1981 baada ya timu yake kuchunguza ajali 900 za Los Angeles, moja baada ya nyingine. Kwenye ajali za pikipiki na gari, takriban theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia ya pikipiki, na tatizo kubwa lilikuwa kwamba hakuiona, au aliiona kwa kuchelewa. Simama Buzuruga saa moja asubuhi uone jambo hilohilo. Daladala inatoka kituoni, dereva anatupa jicho kwenye kioo kutafuta gari, na kwa kuwa anatafuta gari, kitu chembamba hakimwingii akilini. Utafiti huo ulikuta pia kwamba asilimia 92 ya walioanguka walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Hapo Los Angeles ya wakati ule na Igoma ya leo hatujapishana.

Kwa hiyo mimi taa yangu inawaka mchana kutwa, na daladala ikiwa imesimama huwa najihesabu kuwa sijaonekana hadi nione dereva amenigeuzia uso.

Mwendo nao. Nguvu ya kugonga haipandi sawasawa na spidi: ukitoka 40 kwenda 80 spidi imekuwa mara mbili, lakini nguvu imekuwa mara nne. Kwa 80 unakula zaidi ya mita 22 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo unayoitumia kushtuka kabla mkono haujafika kwenye breki. Huko Marekani, wakipima kwa umbali uliosafiriwa, mtu wa pikipiki anakufa zaidi ya mara 20 kuliko mtu wa kwenye gari, na barabara zao hazina mbuzi.

Kuhusu kofia ngumu nitasema kidogo tu, maana kila mtu ameshasema. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikadiria kuwa kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyovaliwa. Kofia nyingi za hapa kwetu ni za trafiki: inakaa kwenye tanki au kiwikoni, ikikaribia Mabatini inapanda kichwani huku mkanda unaning'inia. Isiyofungwa huruka yenyewe kabla kichwa hakijafika chini. Na iliyowahi kupigika vibaya itupwe, hata kama nje inang'aa, kwa sababu lile povu gumu la ndani likishabonyea halirudi.

Nije kwa abiria, ambaye swali lenu halikumtaja. Chukua mama anayetoka sokoni Mwaloni, Kirumba, na ndoo ya dagaa. Amekaa upande kwa sababu ya khanga, ncha ya khanga inacheza karibu na cheni, kofia hakupewa. Miguu yake haina pa kubana, mkono mmoja umeshika ndoo. Pale Mwaloni maji ya samaki yamechuruzika barabarani na kuchanganyika na vumbi, tairi likipita linateleza hata kwa mwendo mdogo. Mbele yake kuna kijana ambaye jioni bosi mwenye pikipiki anamdai hesabu ya siku, na hesabu bado haijatimia. Anaona upenyo kati ya fuso na bajaji, anaingia.

Pale katikati kuna raha, tusidanganyane. Naijua. Moyo unapiga, macho yanapima upana wa usukani, unatokea upande wa pili ukiwa mzima na unajiona mwanamume. Yule mama nyuma hana hata chembe ya raha hiyo. Yeye alilipa nauli ili afike, akapewa na sehemu ya hatari bila kuulizwa. Niliwahi kumsikia mmoja nje ya gereji yangu akisema, "Baba, mimi sina haraka, wewe ndiye unayo." Kijana akamjibu, "Usiogope mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "mimi mzoefu."

Huenda ni mzoefu kweli. Lakini uzoefu wake haubadilishi breki zile za drumu. Ukiwa na mtu mzima nyuma, pikipiki inataka mita nyingi zaidi kusimama, na uzito ukizidi nyuma, mbele panakuwa pepesi, usukani unaelea. Wakipakiwa mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, wa mwisho anakaa kwenye keria, nyuma kabisa ya tairi, na hapo ninayemwona ana bahati ni yule aliyekosa nafasi akatembea kwa miguu. Mtoto wa shule anayevuka pale mbele naye ni hivyohivyo, hakuomba kuwemo kwenye starehe ya mtu.

Siwalaumu vijana wa kijiweni kana kwamba wanapenda kuua watu. Wengi wao ukiwauliza kama wanaona raha watakucheka. Kwao pikipiki ni hesabu, mafuta, oili, brekshu, faini, na mkataba wa bosi usioisha. Swali lenu, mnisamehe, linanukia mtu mwenye gari nyumbani. Lakini ndiyo maana nasema raha na abiria visikutane: anayeendesha kwa ajili ya chakula ana sababu ya kuwahi, na ukimwongezea utamu wa kupenya juu ya sababu hiyo, breki hiyo mbovu ndiyo iliyobaki kumzuia.

Mke wangu akipanda nyuma, pikipiki yangu hailali kwenye kona. Anakaa kama mwanamume, miguu yote miwili kwenye vikanyagio, kofia imefungwa, na analalamika kwamba tumepitwa na baiskeli. Namwacha alalamike.

Usiku sitaki hata kuuongelea sana. Maroli yasiyo na taa za nyuma, ng'ombe, walevi wa miguu na wa magurudumu. Na sisi wa kandokando ya ziwa tuna vile vijidudu vinavyofuata taa: jioni nyingine karibu na ufukwe vinajaa hadi ukifungua kioo cha kofia unavila, ukikifunga vinakuchafulia kioo hauoni. Mvua ikianza, dakika za mwanzo ndizo mbaya kuliko zile za mvua kubwa, kwa kuwa mafuta na vumbi vinaelea juu ya lami kabla havijaoshwa. Mimi husimama kibandani nikanywa chai. Wanaopita wananicheka.

Dada yangu ana kijana wake aliyemaliza kidato cha nne, na anataka pikipiki. Dada alinijia akidhani nitamkataza, maana mimi ndiye ninayeona vyuma vilivyopinda kila siku. Sikumkataza. Nilimwambia kijana apate leseni ya daraja A kwa mafunzo ya kweli, kofia yake iwe mpya na si ya kurithi, saitimira zibaki mahali pake. Nikampeleka kwenye kipande cha lami kisicho na magari, akaja kwa 30, akashika breki ya nyuma peke yake, nikaweka jiwe pale aliposimama. Akarudia kwa breki zote mbili, nikaweka jiwe la pili. Alitembea kutoka jiwe moja hadi jingine akihesabu hatua, akaniuliza kwa nini kule kijiweni hakuna aliyemwonyesha.

Hadi hapo tumeelewana. Tatizo ni kwamba anataka pikipiki ijilipe kwa kubeba watu tangu wiki ya kwanza, na mama yake, ambaye mwanzo hakuitaka kabisa, sasa ameshapiga hesabu ya marejesho ya mkopo na amehamia upande wake. Mimi nataka angalau apite masika moja akiwa peke yake kwenye siti. Jumapili tunakaa tena kulizungumza.