Kabla ya kupima mkondo, jua maji yalikuwa yamepwa au yamejaa

Ukilinganisha picha mbili za setilaiti ya Sentinel-2 za mlango wa mto, moja ya 2016 na nyingine ya 2024, ukaona mkondo umepanuka mita 50, usitoe hukumu bado. Kwenye ukingo wa tope unaoinuka mita 1 kwa kila mita 100, maji yakipanda nusu mita tu, mstari wa maji husogea mita hizo hizo 50. Ni pikseli 5 (nukta za picha, kila moja mita 10). Mto uko palepale. Bahari ndiyo iliyojaa.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye jedwali la kupwa na kujaa. Soma saa ya kupigwa picha kwenye faili la maelezo (iko kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, igeuze iendane na jedwali), ukadirie kimo cha maji wakati huo, kisha ubakize picha zisizopishana zaidi ya sentimita 30 na kimo ulichochagua. Nyingi zitaanguka. Ziache zianguke. Kumbuka pia kwamba jedwali ni la bandari: kwenye kina cha mita 5, maji kujaa hupanda mto kwa takriban kilomita 25 kwa saa, hivyo huko juu yanachelewa.

Lipo jambo linalowaponyoka wengi. Setilaiti za Landsat na Sentinel-2 hupita kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kwa saa ya jua. Na penye kujaa mara mbili kwa siku, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) nayo hufika kileleni karibu saa zile zile kila inaporudi. Kama kwako bamvua hujaa saa hizo, picha ya bamvua iliyopwa hutaipata hata ukingoje miaka 20. Hapo jaribu rada ya setilaiti ya Sentinel-1, inayopita karibu saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ila upepo ukitibua uso wa maji, nayo huyaona kama nchi kavu.

Kutenga maji kwenye picha za Sentinel-2, chukua bendi (sehemu moja ya mwanga) ya 3 (kijani), utoe bendi ya 11 (infraredi ya mawimbi mafupi), ugawe kwa jumla ya bendi hizo mbili. Bendi ya 8 (infraredi ya karibu) ina pikseli ndogo kuliko ya 11, lakini maji ya tope huipotosha. Kizingiti cha sifuri, yaani kuhesabu kila kinachozidi sifuri kuwa maji, usikiamini: tope bichi hupita kama maji. Chora histogramu (chati ya idadi ya pikseli kwa kila thamani) ya kila picha, ukate kwenye bonde lililo kati ya vilima viwili. Penye mikoko, unachopima ni ukingo wa majani, si wa udongo, na vijito vyembamba havionekani kabisa.

Hatimaye tafuta kitu kisichohama, daraja au gati, ukipime katika picha zote mbili. Daraja likionekana limesogea mita 12, badiliko la ukingo la mita 15 usiliandike kwenye ripoti.