Mama mkwe kaona, mwanangu, wewe hukuona

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miezi minane. Mama mkwe yupo kwetu tangu nilipojifungua na hana dalili ya kuondoka. Anamlaza mtoto kifudifudi kwenye mkeka kama mjusi, anampa mwiko na sufuria apige kelele, anamwacha achezee wali. Juzi kampa maharage mabichi kwenye kikombe! Kigari cha kutembelea nilichonunua kwa hela yangu kakificha stoo. Halafu nimemkuta anamkanda na kumvutavuta mkono wa kushoto, mtoto analia. Mwanangu hana shida yoyote. Tangu ana miezi mitano ni wa mkono wa kulia, kila kitu anachukua kwa kulia, ana adabu zake. Na huo wa kushoto una nguvu, ukimwekea kidole anakibana hakiachii. Mume wangu anasema nimsikilize mama yake. Nimechoka. Mama Boi, Tanga.*

Marahaba, Mama Boi. Pole. Jiko moja kwa wanawake wawili ni mtihani, hilo sikatai. Ila pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeirudia mara tatu na kila mara macho yananasa kwenye mstari ulioandika kwa kujisifu.

Mtoto wa miezi minane hana mkono wa kulia wala wa kushoto. Anapaswa kuchukua kwa wowote ulio karibu. Kupendelea mkono mmoja huanza kuonekana akikaribia miaka miwili, na hukomaa taratibu hata baada ya mitatu. Anayechagua mkono kabla ya mwaka hachagui kwa adabu. Anautumia ule unaomtii. Sasa jiulize huo mwingine una nini.

Na hiyo "nguvu" unayoisifia? Kila mtoto huzaliwa akijua kukamata. Ukigusa kiganja cha mtoto mchanga, vidole vinajifunga vyenyewe bila yeye kuamua. Kwenye mwezi wa tatu ngumi huwa zimeanza kufunguka, na kati ya wa nne na wa sita mkamato ule hupotea ili kushika kwa kutaka kupate nafasi. Mwezi wa sita au wa saba anahamisha kijiko kutoka mkono huu kwenda huu. Mkono unaobana kidole chako kwenye mwezi wa nane na kushindwa kukiachia umebaki nyuma ya mwenzake, mwanangu. Hizo si nguvu.

Nikuulize jambo dogo: kwa nini mama mkwe akande wa kushoto peke yake? Angekuwa anamwonea mtoto angevuta yote miwili. Ameona. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Na amenyamaza, nadhani, kwa sababu anajua akifungua mdomo utasema anamwombea mjukuu mabaya.

Leo jioni, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi, mkalisheni mapajani. Shika mkono wa kulia kwa upole, kisha mwonyeshe kijiko upande wa kushoto. Je, anaunyoosha wa kushoto, au anahangaika kuuchomoa wa kulia? Mpe kitu kinachotaka mikono miwili, mpira au kopo kubwa tupu. Mlaze kifudifudi uone kama viganja vyote viwili vinafunguka na kusukuma mkeka. Akiwa amekaa, mwinamishe kidogo kushoto huku umemshika kiuno: kwa umri huu mkono ungetoka haraka kujizuia asianguke. Na unapombadilisha nepi, angalia kama mguu wa kushoto ni mgumu kuliko wa kulia. Piga video fupi, kwa sababu mbele ya daktari mtoto atalala au atalia.

Kisha wiki hii nenda kliniki, usingoje tarehe ya chanjo. Sema kwa maneno haya: "Anatumia mkono mmoja tu, na wa pili anaukunja ngumi." Omba upewe rufaa kwa daktari wa watoto na mtaalamu wa fiziotherapia. Huenda sehemu ya ubongo iliumia kabla au wakati wa kuzaliwa, hata kama uchungu ulikwenda vizuri. Huenda ni mishipa ya fahamu ya bega iliyovutika wakati wa kutoka, ingawa mara nyingi huo huwa mkono unaolegea. Huenda wakakuta hakuna kitu. Kuwahi ndiko kunakolipa, maana ubongo wa umri huu bado unajifunza haraka. Wataalamu wanaweza hata kuuvisha soksi mkono usio na shida kwa muda maalumu ili ule mzito ulazimike kufanya kazi. Hilo usilijaribu bila wao.

Mkwe naye nina neno lake. Kuvuta mkono hakusaidii, kunamuumiza. Ngumi haifunguliwi kwa kubandua vidole. Papasa mgongo wa kiganja kuanzia upande wa kidole cha mwisho, itafunguka yenyewe. Na maharage mabichi yatoke leo! Karanga, punje za mahindi, sarafu na betri za saa vilevile. Chochote kinachopita kwenye kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Akitaka maharage, yatieni kwenye chupa, mfuniko mkaufunge kwa gundi, awe na kayamba lake.

Mengine yote bibi yuko sahihi. Mkeka ndio unaofungua viganja, kwa sababu uzito wa mwili unapita juu yake. Kwenye kigari mtoto ananing'inia, anasukuma kwa ncha za vidole vya miguu, mikono iko hewani haina kazi, isipokuwa siku itakayofikia kikombe cha chai ya moto. Kanada wamevipiga marufuku tangu 2004. Wali nao mwacheni auchote. Sasa anaukokota kwa kiganja kizima. Kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili ataanza kudonoa punje kwa gumba na kidole cha shahada. Wali huo mwekeeni zaidi upande wa kushoto.

Ndoa zenu za siku hizi, mkwe akija mnaona mpelelezi. Mume anageuzwa tarishi wa kubeba malalamiko, akisema "msikilize mama" anaonekana msaliti. Mumeo hajakusaliti. Mkono mmoja haulei mwana, na wewe ulikuwa unautaka huo mmoja tu.

Kliniki nenda na mkwe wako, kama ni yeye anayemwogesha atajua mkono ulianza kukunjwa lini. Beba kadi. Watakuuliza uzito wa kuzaliwa, kama alilia palepale, na kama aliwahi kuwa wa manjano siku za mwanzo.