Hela ya matumizi haitoshi, nipunguze nini?

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Nina watoto watatu na ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Kila asubuhi mume wangu huniachia shilingi 10,000 za matumizi, na jioni haibaki hata mia. Nyama na maziwa nimeshaviacha, na sasa nafikiria kuwaondolea watoto uji wa asubuhi. Nipunguze nini kingine?
*Mama wa watatu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uji wa watoto usiuguse. Tatizo lako naliona zaidi katika namna hela inavyoingia jikoni, kwa sababu anayeachiwa hela ya siku hulazimika kununua vitu vya siku: mafuta ya kupima, sukari ya robo, mkaa wa kopo. Mwenye duka hakuibii, naye ana kodi ya fremu, lakini kila kinachopimwa kidogo kidogo hukufikia kwa bei ya juu.

Nenda dukani na chupa tupu ya lita moja, umwombe muuzaji aijaze maji kwa kipimo kile kile anachokupimia mafuta. Hesabu vipimo, zidisha kwa bei ya kimoja, zidisha tena mara tano, kisha linganisha na bei ya dumu la lita tano. Hesabu hiyo mwonyeshe baba watoto kwa utulivu, tena si siku ambayo hela imekatika, ukimwomba kwamba mshahara ukitoka mnunue kwanza vitu visivyooza, yaani nafaka, maharage, mafuta, sukari na sabuni, halafu akuachie kidogo cha mboga na nyanya. Kama naye analipwa kwa siku, chezeni mchezo wa kuchangiana hela na majirani wawili watatu mnaoaminiana, mnunue gunia moja mgawane.

Mahindi na mchele hushuka bei baada ya mavuno, kuanzia Mei hadi Agosti katika mikoa mingi, na kufikia Januari huwa vimepanda. Ukienda soko la Tandale baada ya mavuno, usitazame bei peke yake. Tia mahindi machache na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, uache kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu na hayafai kuwekwa. Mahindi mabichi huota ukungu wenye sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika na ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yaliyokauka vizuri yahifadhi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, maana fukusi hufa humo bila dawa.

Sagisha dona badala ya sembe, kwa kuwa pumba na kiini hubaki kwenye unga wako. Ila sagisha wa wiki mbili tu, usije ukachacha.

Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva upesi na mkaa utapungua. Nyama inaweza kusubiri, lakini mahali pake paingie dagaa wa Mwanza, ukiwanunua kwa kilo na kuwachagua wakavu wasio na mchanga, kwani mtoto anayekua hatoshelezwi na ugali na mchicha peke yake.