Shinikizo la Maji Katika Kina cha Mita 18

SWALI: Ninajifunza kupiga mbizi baharini. Mwalimu wangu anasema shinikizo la maji huongezeka kwa angahewa 1 kila mita 10, ilhali jedwali nililopewa linaonyesha angahewa 2 katika kina cha mita 10. Nifuate lipi, na nikishuka mita 18 nitabeba shinikizo kiasi gani?

JIBU: Mwalimu wako na jedwali wote wako sahihi. Mwalimu ametaja shinikizo la maji peke yake, na jedwali limejumlisha lile la hewa iliyo juu ya bahari, ambayo hukugandamiza kwa takriban kilopaskali 101, yaani angahewa 1, hata kabla hujalowa. Katika hesabu za hewa unayovuta, tumia jumla hiyo daima.

Shinikizo la maji hupatikana kwa kuzidisha densiti yake, kani ya mvutano wa dunia kwa kila kilogramu (takriban 9.8) na kina. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilogramu zipatazo 1,025. Zidisha kwa 9.8, kisha kwa mita 18, nawe utapata paskali 180,810, ambazo ni karibu kilopaskali 181. Ukiongeza 101 za hewa unafika 282, sawa na angahewa 2.8. Kwa njia ya mkato, gawanya kina kwa 10, kisha ongeza 1. Upana wa bahari hauingii katika hesabu hii hata kidogo. Katika maji yasiyo na chumvi, ambayo ni mepesi kidogo, gawanya kwa 10.3, na katika ziwa lililo juu milimani, ile 1 ya hewa nayo hupungua.

Ninakusihi uzingatie zaidi uwiano. Mwanasayansi Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba, joto lisipobadilika, ujazo wa hewa hupungua kwa kadiri shinikizo linavyoongezeka. Lita 6 za hewa kutoka juu huwa 3 katika mita 10, 2 katika mita 20, na 1.5 katika mita 30. Tazama jinsi mita 10 za kwanza zinavyomeza nusu nzima, na zile za tatu nusu lita tu. Ndiyo maana masikio huuma mapema, na ndiyo maana mpiga mbizi anayevuta hewa ya mtungi hapaswi kamwe kuzuia pumzi anapopanda: hewa iliyojaza mapafu katika mita 10 hutaka nafasi maradufu ifikapo juu, na mapafu yanaweza kupasuka. Hatari hiyo ipo hata katika bwawa la kuogelea lenye kina cha mita chache.

Hesabu hiyohiyo itakuonyesha muda wa mtungi wako. Ikiwa hewa yake ingekutosha dakika 56 ukiwa juu ya maji, igawanye kwa 2.8: katika mita 18, kwa upumuaji uleule, itakwisha baada ya dakika 20, na ndani ya muda huo lazima utenge hewa ya kupandia na ya akiba.